Kukamua Tope kwa Kitambaa

Katika jiko la Mwambao, nazi ikishakunwa hutiwa maji, ikafikichwa kwa mkono, kisha ikaingizwa kwenye kifumbu, ule mfuko mdogo wa kusuka, na kukamuliwa. Tui hutoka, machicha hubaki. Mpishi huyohuyo akitengeneza wanga wa muhogo huona jambo jingine. Akikamua muhogo uliosagwa ndani ya kitambaa, makapi hubaki, lakini wanga wenyewe hupita pamoja na maji, na hana budi kuuacha utuame kwenye beseni. Chembe za nazi ni kubwa, za wanga ni ndogo mno. Tofauti hiyo ndiyo inayowasumbua wahandisi wa maji kila siku, maana tope la mitambo yao lina tabia ya wanga, nao wanalitaka liwe na tabia ya machicha.

Kila mtambo wa kusafisha maji huzaa tope. Ule wa maji ya kunywa huvuta maji ya mto, hutia shabu, na uchafu uliokuwa ukielea hushikana na kuzama. Ule wa majitaka hukusanya mabaki ya vyoo na miili ya bakteria waliokula uchafu huo. Maji safi huenda zake na watu huyasifu. Tope hubaki chini ya birika likisubiri mtu wa kulishughulikia.

Tope hilo karibu lote ni maji. Chukua tani 100 za tope lenye yabisi asilimia 2: uchafu halisi humo ni tani 2 tu, na tani 98 ni maji. Likikamuliwa hadi yabisi ifike asilimia 20, zile tani 2 zitabaki na tani 8 za maji, jumla tani 10. Mtambo uliohitaji safari 10 za lori la tani 10 sasa unahitaji safari moja. Mafuta, matairi, mishahara ya madereva na nafasi ya dampo vyote hupungua kwa kiasi hicho. Na tope lenye asilimia 20 halimwagiki tena kama uji. Hushikika kwa koleo kama udongo mbichi.

Kwa nini basi lisiachwe likatuama lenyewe, kama wanga kwenye beseni? Sababu ni kwamba chembe zake nyingi ni ndogo sana, na juu ya ngozi yake kila chembe ina chaji hasi ya umeme. Chaji za aina moja husukumana, kwa hiyo chembe hukaa mbalimbali, zikielea. Maji nayo hayakai kwa namna moja. Yapo yaliyo huru kati ya chembe, yapo yaliyonaswa ndani ya mabonge, na yapo yaliyoganda kwenye uso wa chembe au kufungiwa ndani ya seli za bakteria. Yale ya kwanza hutoka kwa kuchujwa. Ya mwisho hayatoki ila kwa joto. Ndiyo maana hakuna kitambaa kitakacholitoa tope likiwa kavu kama vumbi.

Dawa ya chembe zinazosukumana ni polima, minyororo mirefu ya molekuli ambayo kwa tope la majitaka huwa na chaji chanya. Kilo chache tu hutosha kwa kila tani ya yabisi kavu. Mnyororo mmoja hunasa chembe nyingi, huzivuta pamoja, na kwa muda mfupi tope lililokuwa sawa na maji ya wanga hugeuka mabonge yanayoonekana kwa macho, huku maji maangavu yakijitenga pembeni. Ikitiwa kidogo mno, mabonge hayafungi. Ikizidi, chembe hufunikwa na chaji chanya, zikaanza kusukumana upya, na polima iliyobaki hunata kwenye kitambaa.

Baada ya hapo ndipo kitambaa huingia kazini. Kimoja kinachotumika sana leo ni jiotekstaili iliyofumwa kwa nyuzi za polipropilini na kushonwa kuwa mfuko mrefu kama bomba, mwingine wenye urefu wa zaidi ya mita 30. Mifuko hii ilijulikana kwanza ufukweni, ikijazwa mchanga ili kuzuia mawimbi yasile pwani. Katikati ya miaka ya 1990, huko Vicksburg, jimbo la Mississippi nchini Marekani, ilijaribiwa kwa tope la majitaka, na kazi ya kukamua ikapata njia mpya.

Ajabu ya kitambaa hiki ni kwamba matundu yake ni makubwa. Mengi hukaribia nusu milimita, ilhali chembe ya tope yaweza kuwa ndogo kuliko hapo mara mia. Linalochuja ni tope lenyewe. Mabonge ya kwanza hutua kwenye kitambaa na kujenga utando, na utando huo ndio unaozuia yanayofuata. Kitambaa ni kiunzi tu cha kuushikilia. Mabonge yakiwa imara, utando huwa na njia nyingi za maji. Yakiwa dhaifu, chembe hupenya au husongamana na kuziba kila kitu.

Mwaka 1856 Henry Darcy, mhandisi aliyeupatia mji wa Dijon nchini Ufaransa maji ya bomba, alieleza jinsi maji yanavyopita kwenye mchanga: mwendo wake huongezeka kadiri msukumo unavyoongezeka, na hupungua kadiri tabaka linavyokuwa nene. Kanuni hiyo yatawala hapa pia. Utando ukinenepa, matone hupungua. Mashine ya kukamulia yenye sahani, ambayo nayo hutumia vitambaa, hushindana na hali hiyo kwa nguvu, ikilibana tope kwa shinikizo lizidilo mara kadhaa upepo wa gurudumu la gari. Mfuko hauna nguvu hiyo. Tope lenye kimo cha mita 2 husukuma chini kwa takriban moja ya kumi tu ya upepo wa gurudumu. Unachokosa mfuko kwa nguvu, hukilipa kwa muda. Hujazwa, ukaachwa ukachuruzika, ukajazwa tena mara kadhaa, kisha ukatulizwa kwa wiki au miezi kabla ya kupasuliwa.

Ukubwa si kikwazo. Kwenye ziwa Onondaga, karibu na Syracuse katika jimbo la New York, tope la chini ya ziwa lilikuwa limejaa zebaki na sumu nyingine za viwandani. Kati ya 2012 na 2014 zaidi ya mita za ujazo milioni 1.5 zilifyonzwa, zikasukumwa kwa bomba kilomita kadhaa na kukamuliwa ndani ya mamia ya mifuko ya aina hii. Maji yaliyotoka yalisafishwa, na yabisi ikafunikwa mahali palepale.

Kwetu Afrika Mashariki tope mara nyingi hulazwa kwenye vitanda vya mchanga likaushwe na jua. Mtambo wa Lubigi jijini Kampala, uliozinduliwa mwaka 2014, una vitanda vya namna hiyo. Vinafaa, lakini vinadai ardhi kubwa, na mvua ni adui yao. Tope lililofungiwa kwenye mfuko haligeuki uji upya kwa urahisi mvua inyeshapo. Tatizo ni polima, inayonunuliwa kwa fedha za kigeni. Kwa hiyo yafaa kufuatilia majaribio yaliyofanywa Dakar, Senegal, kwa mbegu za mlonge na kwa kaitosani, dawa inayopatikana kwenye maganda ya kamba. Mlonge unaota mabomani mwetu, na maganda ya kamba hutupwa kwenye masoko ya samaki ya pwani yetu.

Tahadhari haina budi kutajwa. Kukamua si kuua vijidudu. Mayai ya minyoo aina ya Ascaris hubaki ndani ya yabisi na huweza kuishi kwa miezi, hata miaka, kwa hiyo tope lililokamuliwa lisipelekwe shambani kabla ya kugeuzwa mboji yenye joto au kutibiwa kwa njia nyingine. Maji yanayochuruzika nayo hurudishwa mwanzo wa mtambo. Na jua huidhoofisha polipropilini, hivyo mifuko mipya ihifadhiwe kivulini.

Anayetaka kununua mifuko aanze na ndoo chache za tope lake mwenyewe, vikombe vya kupimia polima na kipande cha kitambaa. Achanganye, amimine, kisha aangalie kinachotiririka. Jikoni tunafurahi maji yakitoka meupe kama tui. Hapa weupe huo ni habari mbaya, maana uchafu unapita na dawa haijafanya kazi. Arekebishe kipimo na kumimina tena, mpaka yatoke maangavu na machicha yabaki kitambaani.