Vituo vya habari vijijini: Pondicherry walianza na watu

Mwaka 1998, taasisi ya utafiti ya M. S. Swaminathan, mwanasayansi aliyeongoza mapinduzi ya kijani katika kilimo nchini India, ilianza kufungua vituo vya habari katika vijiji vya Pondicherry, kusini mwa nchi hiyo. Kijiji kilichotaka kituo kilitakiwa kwanza kutoa chumba bure na watu wa kukiendesha, na kukubali kwamba mlango utakuwa wazi kwa kila mtu, hata wale wa matabaka yaliyodharauliwa. Kule Embalam chumba kilipatikana ndani ya hekalu, na kompyuta zikaendeshwa na wanawake wa kijiji hichohicho.

Kwangu mimi, masharti hayo yalikuwa na uzito kuliko mashine zote. Umeme ulipokatika, ilitumika sola. Simu zilipokuwa hazitegemeki, vijiji viliunganishwa na kituo kikuu cha Villianur kwa redio za upepo. Bei za mazao na taarifa za misaada ya serikali zilitolewa kwa Kitamil, lugha ya wenyewe.

Kimojawapo cha vijiji hivyo, Veerampattinam, ni kijiji cha wavuvi. Wahudumu walichukua utabiri wa mawimbi kutoka tovuti ya Jeshi la Majini la Marekani, wakautafsiri, kisha ukatangazwa kwa kipaza sauti. Mvuvi asiyejua kusoma alisikia kimo cha mawimbi akiwa anatengeneza nyavu zake, akaamua mwenyewe kama ataingia baharini au la.

Desemba 26, 2004, mwana wa kijiji jirani cha Nallavadu aliyekuwa kazini Singapore alipata habari za tsunami, akapiga simu nyumbani. Wenzake walivunja mlango wa kituo, wakawasha kipaza sauti na kuwataka watu wakimbie. Nyumba na mitumbwi viliharibiwa, lakini wakazi wapatao 3,600 walinusurika. Mchana wa siku hiyo mawimbi ya tsunami hiyohiyo yalifika pwani ya Afrika Mashariki na kuua watu, wengi wao Somalia, na wengine hapa Tanzania.

Kwetu, mzigo wa huduma za kompyuta na taarifa kama zile za Pondicherry umebebwa zaidi na steshenari za sokoni. Fika wakati wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu: mzazi ameshika bahasha ya vyeti, binti yake anasoma majina herufi kwa herufi, kijana wa duka anaskani cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Herufi moja ikikosewa katika jina, fomu inaweza kukwama. Kijana yule anafanya kazi ya umma, ingawa hakuna aliyemfundisha kutunza siri za watu.

Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vijana wa steshenari wajiunge katika vikundi, wakopeshwe sola, printa na kompyuta, na wapewe mafunzo kabla ya fedha. Masharti yawe mawili: bei ya kila huduma ibandikwe ukutani, na nywila ya mteja isiandikwe kwenye daftari la duka.