Mkokoteni ulioegeshwa husema nini? Siri ya picha za vitu vya mitaani

ANAYEPITA soko la Marikiti jijini Nairobi mapema huiona mikokoteni imeegeshwa kando ya njia, mishikio ikielekea juu, wenyewe hawapo. Wengi hupita bila kuitupia jicho. Mpigapicha mwenye makini husimama, kwani anafahamu kwamba mkokoteni mmoja waweza kumpa picha tatu zenye maana tatu zinazokinzana, ilhali wenyewe haujasogezwa hata inchi moja.

Akiupiga kutoka ghorofani ukiwa umezingirwa na magari yaliyokwama, mtazamaji ataona kero na vurugu. Akichutama na kuisogelea mishikio, aonyeshe mbao zilizolainishwa na viganja na kipande cha mpira kilichofungiwa pale palipovunjika, mtazamaji ataona jasho la mtu ambaye hata hayumo pichani. Akirudi nyuma hatua chache ili jumba refu lisimame nyuma ya mkokoteni huo, picha itazungumzia pengo lililopo baina ya walio nacho na wasio nacho.

Hicho ndicho kiini cha upigaji picha za vitu vya kawaida mitaani. Kamera hunakili kilichopo mbele yake, lakini mwenye kamera ndiye anayeamua kiingie nini, kiachwe nini, na kitazamwe kutoka wapi. Uamuzi huo ndio uitwao mpangilio, na ndio unaozaa maana.

Mfano bora wa fani hii unapatikana katika jiji la Paris, Ufaransa, kupitia kazi ya Eugène Atget. Mzaliwa huyo wa 1857 aliwahi kuwa baharia, kisha mwigizaji wa jukwaani, kabla ya kujitosa katika upigaji picha mwishoni mwa karne ya 19. Hadi alipofariki mwaka wa 1927, alikuwa amepiga maelfu ya picha za jiji hilo: milango na vigonga vyake, ngazi, mabango ya maduka, mikokoteni, visima na madirisha yaliyosheheni bidhaa.

Atget hakujiita msanii. Aliwauzia picha wachoraji, mafundi, maktaba na makavazi waliohitaji kumbukumbu. Mnamo 1926, msanii Man Ray alipozichapisha baadhi ya picha hizo katika jarida la wasanii wa Paris, mzee huyo aliomba jina lake lisitajwe, akishikilia kwamba hizo zilikuwa hati tu.

Mwanga na mwendo

Hata hivyo, hati hizo zina mpangilio ambao hadi leo hufunzwa na kuigwa. Atget alitumia kamera nzito ya mbao iliyosimamishwa juu ya miguu mitatu, pamoja na mabamba ya kioo yenye ukubwa wa sentimita 18 kwa 24. Bamba lilihitaji muda ili kupokea mwanga wa kutosha. Kwa sababu hiyo, kilichotulia kilitokea kwa uwazi, nacho kilichosogea kikafifia mithili ya moshi. Aidha, alipenda kutoka asubuhi na mapema wakati njia zikiwa tupu.

Matokeo yake ni kwamba vitu vilichukua nafasi ya watu. Ngazi iliyolika katikati humwambia mtazamaji kwamba nyayo nyingi zimepita hapo, ijapokuwa hamna mguu hata mmoja. Kukosekana kwa mtu hakuifanyi picha kuwa tupu. Humlazimu mtazamaji kumtafuta mhusika kupitia alama alizoziacha.

Katika picha ya mwaka wa 1912 iliyopigwa Boulevard de Strasbourg, mavazi ya wanawake ya kubana kiuno yametundikwa dukani. Mengi yameonekana waziwazi, lakini moja lililoning'inia limefifia kwa sababu lilikuwa likisogea. Kasoro hiyo ndogo inalipa duka zima uhai.

Mbinu nyingine ni kioo. Mwaka wa 1925, Atget alipiga picha ya dirisha la duka la nguo za wanaume katika Avenue des Gobelins. Ndani mna sanamu zilizovishwa suti zenye vibandiko vya bei, huku majengo ya ng'ambo ya pili ya barabara yakionekana juu ya kioo hichohicho. Kinachouzwa na jiji linalouziwa vimekutana katika fremu moja, na mtazamaji hana hakika ni kipi kilicho ndani na kipi kilicho nje.

Ushahidi wa walio pembezoni

Mpangilio wa aina hiyo si pambo tu. Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, Atget alikwenda pembezoni mwa Paris, karibu na ngome za jiji, walikoishi waokotaji wa matambara na takataka. Alipiga picha za vibanda vyao, mikokoteni yao na marundo ya vitu walivyookota. Hakuvipiga kwa mbali kama uchafu wa kuondolewa. Alivikaribia kwa subira ileile aliyoitumia kwa milango ya makasri, hivyo makazi yaliyodharauliwa yakapata heshima ya kuhifadhiwa.

Mnamo 1920, aliliuzia taifa la Ufaransa zaidi ya mabamba 2,500 yaliyohusu Paris ya zamani. Baada ya kifo chake, mpigapicha Mmarekani Berenice Abbott alijitahidi kuokoa sehemu kubwa ya kazi iliyosalia, ambayo mwaka wa 1968 ilinunuliwa na Makavazi ya Sanaa za Kisasa jijini New York. Abbott mwenyewe alirejea New York mwaka wa 1929, akaipiga picha miji ya kwao kwa jicho hilohilo kabla ya maduka na mitaa mingi kubadilika.

Nchini Kenya, haja ya kumbukumbu kama hizo si ngeni. Kanuni za uchukuzi zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, wakati John Michuki akiwa Waziri wa Uchukuzi, zilizilazimu matatu kupakwa mstari wa manjano. Michoro mingi iliyoyapamba magari hayo ikatoweka. Ingawa sanaa hiyo ilirejea baadaye, ile ya miaka ya 1990 imesalia tu katika picha za waliofikiri kwamba gari bovu la abiria lilistahili kupigwa. Vibanda vya simu za sarafu navyo viliondoka vivyo hivyo, pasipo kuagwa, mara tu simu za mkononi zilipoenea.

Anayetaka kuifanya kazi hii hahitaji kamera ya bei ghali. Kwanza, ajiulize kitu kinamhusu nani, kisha achague urefu wa jicho utakaomtendea haki mtu huyo. Pili, atazame nyuma ya kitu kabla ya kubonyeza, kwa maana usuli huweza kuunga mkono kauli ya picha au kuipinga. Tatu, angoje mwanga wa asubuhi au wa jioni, ambao huonyesha mikwaruzo na viraka kwa vivuli virefu.

La nne ndilo husahaulika zaidi: aandike mahali na tarehe. Atget aliziandikia picha zake majina na nambari, na ndiyo sababu leo wanahistoria wanaweza kuutambua mtaa ambao haupo tena.

Heshima nayo ina nafasi yake. Kibanda cha mchuuzi ni riziki ya mtu, na picha yaweza kutumiwa kumtetea au kumfurusha. Mpigapicha anayemsubiri mwenye mkokoteni arudi, akasalimiana naye na kumweleza nia yake, huenda akapoteza ule mwanga mzuri. Lakini ataondoka akijua mpira ule ulifungwa kwenye mshikio lini, na kwa nini.