Vidonge na Unene wa Kiuno

Katika siku hizi kumezuka biashara kubwa ya vidonge ambavyo wauzaji wake husema kwamba vyasafisha damu, vyapunguza tumbo na kuzuia kisukari. Neno la kuvitangazia ni "antioksidanti". Sisi hatuna ugomvi na neno hilo, maana ni la elimu ya kweli. Ugomvi wetu ni juu ya fedha za mtu mwenye mshahara mdogo, anayenunua kitu ambacho kimekwisha kupimwa kikaonekana hakimfai kwa shida ile.

Kwanza yafaa shida yenyewe ieleweke. Madaktari huhesabu mambo matano: kiuno kinene, shinikizo la damu lililopanda, sukari iliyozidi katika damu kabla ya kula, mafuta ya trigliseridi yakiwa mengi, na mafuta mema ya HDL yakiwa machache. Mtu mzima akipatikana na matatu katika hayo, husemwa ana sindromu ya kimetaboli, naye yu karibu zaidi na kisukari na maradhi ya moyo kuliko wenzake. Tena mafuta ya tumboni hayakai kimya kama akiba ya ghalani. Mwaka 1993 wataalamu wa Marekani walionyesha, katika wanyama walionenepa, kwamba mafuta hutoa kemikali ambayo mwili huitumia unapopambana na maradhi, nayo huizuia insulini kufanya kazi yake. Hiyo ni inflamesheni, yaani ule moto wa kidonda; ila huu ni mdogo, hauumi wala hauzimiki upesi.

Hapo ndipo wauzaji wanapopata mlango. Moto huo huzaa kemikali kali zinazoharibu seli kama kutu ilavyo chuma, na vitamini C, vitamini E na beta-karotini huzipunguza nguvu. Basi si nikimeza nyingi nitasalimika? Hoja hiyo yapendeza masikioni.

Wafaransa waliijaribu. Katika utafiti wa SU.VI.MAX, ulioanza mwaka 1994, baadhi ya watu walipewa kila siku kidonge chenye vitamini hizo tatu pamoja na seleni na zinki, na wengine kidonge kitupu, pasipo kujua. Watu wazima 5,220 walifuatwa kwa miaka 7 na nusu. Majibu yaliyotolewa mwaka 2009 yalionyesha kwamba sindromu iliwapata wa kidonge cha kweli sawa na wa kidonge kitupu. Lakini wale ambao tangu mwanzo damu yao ilikuwa na vitamini C na beta-karotini nyingi zaidi, iliwapata kwa uchache. Damu ya namna hiyo kwa kawaida ni ya mtu alaye matunda na mboga, na pengine maisha yake yote yana utaratibu.

Tena vidonge si salama kwa kila mtu. Huko Finland, katika wanaume 29,133 wavutao sigara, waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wengine. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 1994, na si kila kopo humwambia mnunuzi.

Msomaji anayetaka kujua hali yake na aazime utepe wa fundi cherehani. Mwanamume akifika sentimita 94 kiunoni, au mwanamke sentimita 80, aende apimwe sukari na shinikizo la damu kabla ya kupita dukani.