Teknolojia ya mpakani yamfaa mwenye trela, mwenye trei angali ahangaika

Ukitaka kujua nani amenufaika na pesa ambazo serikali imetumia kuleta mitambo ya kisasa Busia na Malaba, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, tazama kwanza mtu anabeba nini. Mwenye trela la kontena lililotoka Mombasa atakwambia mambo yamekuwa mepesi. Mwenye trei za mayai au madebe mawili ya maharagwe atakwambia yeye bado anahesabu saa, na kwamba akichoka kuhesabu hushika njia ya panya.

Upande wa matrela, kazi imefanyika. Tangu nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zianzishe himaya moja ya forodha mwaka 2014, sehemu kubwa ya mzigo wa Uganda hulipiwa kodi kabla lori halijatoka bandarini. Mwaka 2017 Kenya, Uganda na Rwanda ziliunganisha mfumo wa kufuatilia shehena kwa lakiri za kielektroniki. Lakiri hufungwa kwenye kontena na kutuma ishara safari nzima ya zaidi ya kilomita 900 hadi mpakani. Lori likiiacha barabara liliyopangiwa, au mlango ukiguswa, vituo vya ufuatiliaji Nairobi, Kampala na Kigali hupata habari papo hapo. Februari 2018 marais wa Kenya na Uganda walizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpaka mjini Busia, ambako lori husimama mara moja tu, upande wa nchi linakoingia.

Ajenti mmoja wa forodha wa Malaba, ambaye amefanya kazi hiyo tangu enzi za mihuri ya wino, anakubali kwamba dereva aliyekuwa akilala hapo siku kadhaa sasa anaweza kufika na kuvuka siku hiyo hiyo, hati zikiwa sawa. Wenye vyumba vya kulala na vibanda vya chakula kando ya barabara hawafurahii hilo, kwa sababu dereva asiyelala hanunui chajio. Hata hivyo hasara yao haiwezi kuwa hoja ya kurudisha foleni.

Hoja iko kwingine. Chini ya utaratibu wa kusimama mara moja, kinachokaguliwa upande wa Kenya ni kile kinachoingia Kenya: mahindi, maharagwe, mayai, maziwa, samaki, matunda. Kwa kiasi kikubwa hiyo ni biashara ya watu wadogo, na wengi wao ni wanawake. Hivyo ubora wa huduma ya Kenya katika mpaka huu haupimwi kwa kontena linalotoka. Unapimwa kwa gunia na trei zinazoingia, na hapo ndipo fedha za umma zimefanya kidogo.

Mfanyabiashara mmoja wa mayai na nafaka, mama ambaye amevuka mpaka wa Busia miaka mingi na ameomba jina lake lisitajwe kwa kuwa anakutana na maafisa hao kila siku, alieleza hesabu yake kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuieleza mara nyingi bila kusikizwa. Sheria, anasema, iko upande wake. Bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya haitozwi ushuru wa forodha, na shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani hupata cheti rahisi cha uasilia pale pale mpakani, bila ajenti. Shida yake si ushuru. Shida ni yale mengine yanayozunguka cheti hicho: kibali cha afya ya mimea au mifugo, ukaguzi wa ubora, ada za kaunti. Haya kwa sehemu kubwa yamehamishiwa mtandaoni, na kila moja lina ukurasa wake, nenosiri lake na siku zake za kugoma.

Hana kompyuta. Simu yake ni kabambe, ile ya vitufe tu. Kwa hiyo huenda saiba, ambako kijana humjazia fomu kwa malipo, humlipia kibali kwa malipo mengine, kisha humpigia chapa karatasi. Ndiyo, karatasi: afisa anayekaa mbele ya kompyuta yenye kumbukumbu ya kibali hicho humwomba kivuli chake, na asipokuwa nacho anarudishwa saiba. Tangu mwaka 2023, serikali ilipoagiza malipo ya huduma zake yapitie nambari moja ya 222222, mama huyu anasema amepata urahisi mmoja na gharama moja. Urahisi ni kwamba hapangi foleni benki. Gharama ni ada ya ziada inayokatwa kwa kila malipo, ambayo kwa mwenye kontena haionekani lakini kwake hukatwa mzigo kwa mzigo.

Jambo lililomuuma zaidi ni siku ambazo sistimu hulala. Umeme ukipotea, au mtandao ukizorota, matrela hungoja na hayaozi. Mayai hukaa juani, na nyanya za mwenzake hugeuka maji. Mtambo ukirudi, anasema, wanaoitwa kwanza ni wenye ajenti. Ni hapo anapomtafuta kijana wa pikipiki anayezijua njia za panya. Hakuificha sehemu hiyo ya maelezo yake wala hakuionea fahari. Alisema akivuka kwa njia hiyo huwa hana pa kulalamika akiporwa, na humlipa kila anayemsimamisha. Ukijumlisha, njia ya panya si rahisi kwa bei. Ina faida moja tu, kwamba haisemi sistimu imelala.

Njia hiyo pia inamgharimu baadaye, sokoni. Tangu Januari 2024 gharama ya biashara isiyo na ankara ya kielektroniki haikubaliwi wakati wa kukokotoa kodi ya mapato, isipokuwa katika hali chache zilizosamehewa. Mwenye duka la jumla anayenunua maharagwe yaliyovuka bila hati hana cha kumwonyesha mtoza kodi, kwa hiyo humkata mama bei ili kujifidia. Hivi ndivyo mfumo mmoja wa kidijitali unavyomwadhibu mtu aliyefukuzwa na mfumo mwingine wa kidijitali. Sijamsikia afisa yeyote akiunganisha mambo haya mawili, kwa sababu yako chini ya ofisi tofauti.

Pesa nazo zina hadithi yake. Karibu kila mchuuzi wa mpakani ana laini mbili, ya Kenya na ya Uganda. Akitoa fedha kwenye simu upande wa Uganda, serikali ya huko hukata asilimia 0.5 ya kiasi anachotoa. Upande wa Kenya, tangu sheria ya fedha ya mwaka 2023, ushuru wa bidhaa kwenye ada za kutuma pesa ulipandishwa kutoka asilimia 12 hadi 15. Ndiyo maana wabadilishaji fedha wa barabarani, wenye mabunda ya noti mkononi, hawajaondolewa na simu. Bei yao inajulikana asubuhi, na mteja huondoka na noti zake.

Afisa mmoja wa serikali anayehusika na mipango ya mtandao katika eneo hili alikuwa na jibu kwa kila lalamiko, na jibu lenyewe lilikuwa nambari: 1,450. Hiyo ndiyo idadi ya vituo vya kidijitali ambavyo serikali kuu imeahidi, kimoja kwa kila wadi nchini, pamoja na kilomita 100,000 za nyaya za fibre na maeneo 25,000 ya intaneti ya bure, yakiwemo masoko. Kaunti ya Busia ina wadi 35, kwa hiyo fungu lake ni vituo 35. Kwa mujibu wa afisa huyo, kijana atajifunza kazi za mtandaoni katika wadi yake, mkulima ataangalia bei, na mchuuzi ataomba vibali vyake bila kulipa saiba. Alirudia nambari hiyo tulipouliza kuhusu umeme, akairudia tulipouliza kuhusu wahudumu, na akairudia tulipouliza ni nani atakayelipia intaneti baada ya mwaka wa kwanza.

Sipingi kituo kuwekwa kwenye kila wadi. Lakini nambari hiyo inaeleza serikali ilichokusudia, na mchuuzi anataka kujua kama mlango uko wazi saa kumi na mbili asubuhi anapopita na mzigo. Kituo kilichopo ndani ya ofisi ya chifu, kinachofunguliwa saa mbili na kufungwa saa kumi, hakimfai mtu ambaye biashara yake imekwisha kabla ya saa nne. Intaneti ya bure sokoni ni nzuri kwa mwenye simu ya kugusa. Kwa mwenye kabambe ni tangazo tu ukutani.

Kuna pia suala la mahali ambapo ndoto ya serikali ya miji yenye akili, yaani miji inayoendeshwa kwa teknolojia, ilianzia. Kwa zaidi ya miaka kumi nchi imetia nguvu kubwa Konza, ekari 5,000 za nyanda zilizo kusini-mashariki ya Nairobi, zilizotengwa kujengwa mji wa teknolojia kutoka mwanzo. Busia na Malaba ni miji ambayo tayari ina watu, tayari ina biashara, na inachangia mapato ya forodha. Ningetamani kuona hata sehemu ndogo ya juhudi hizo zikiletwa mahali ambapo mteja yuko tayari mlangoni. Ukiwauliza wachuuzi ni mradi gani wa umma uliowasaidia zaidi, wengi hawataji kompyuta. Wanataja taa ndefu za mulika mwizi, kwa sababu zimewaongezea saa za kuuza jioni.

Haki inadai tuseme pia kwamba kasoro nyingi si za mitambo. Mwaka 2020, wakati wa korona, foleni ya malori Malaba ilifika makumi ya kilomita. Jumuiya ilianzisha mfumo wa kufuatilia madereva na shehena kwa simu, ili majibu ya vipimo vya nchi moja yasomwe na nyingine. Januari 2022 foleni ilirudi vilevile, pale Uganda ilipodai vipimo vipya kwa malipo na madereva wakagoma. Bei ya petroli ilipanda Kampala. Mfumo ulikuwepo, kilichokosekana ni serikali mbili kuaminiana.

Machi 2021 ilikuwa hivyo pia kwa mahindi. Kenya ilisimamisha uagizaji kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikalegeza siku chache baadaye kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na mzigo uwe na cheti kuonyesha kwamba sumu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Malori yaliyokuwa njiani yalikwama mpakani. Kati ya mifumo yote iliyokuwa ikifanya kazi wakati huo, hakuna uliompelekea mchuuzi ujumbe hata mmoja wa kumwonya asinunue. Masharti yenyewe yana maana, kwa kuwa sumukuvu huua. Ila kipimo cha sumu kwa magunia matatu hugharimu jasho lile lile la kipimo cha lori zima, na mwenye magunia matatu hujiunga na wenzake au huacha.

Kundi moja halikutajwa hata mara moja katika maelezo ya maafisa. Ni watu wenye ulemavu wa Busia, ambao kwa miaka mingi wamevusha bidhaa za wachuuzi kwa baiskeli zao za magurudumu matatu. Biashara ikipita yote katika yadi ya magari, wao hupoteza. Ikipita yote vichochoroni, hupata hatari. Mpango wowote wa mji wenye akili ambao haujui watu hawa wapo haujautazama mji wenyewe.

Kuhusu siku zijazo, waliohojiwa hawakukubaliana. Ajenti wa Malaba anaamini kwamba reli ya kisasa, iliyofika Naivasha mwaka 2019, ikiletwa hadi mpakani itahamisha makontena kutoka barabarani na kumwachia afisa muda wa kumhudumia mchuuzi. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba maafisa watahamishwa kufuata makontena. Afisa wa mtandao ana matumaini makubwa, ingawa tangu mswada wa fedha wa mwaka 2024 uondolewe na matumizi ya serikali kupunguzwa, ahadi nyingi za miundombinu zimekuwa zikisogezwa mbele.

Mama wa mayai hataki kituo wala nyaya. Anachotaka ni cheti rahisi na vibali vyake viombwe kwa namba za nyota na reli kwenye kabambe, vije kwa ujumbe mfupi, na afisa alazimike kuusoma ujumbe huo bila kudai karatasi. Teknolojia hiyo ipo nchini tangu pesa zianze kutumwa kwa simu mwaka 2007, na ni nafuu kuliko mradi wowote uliotajwa hapa. Afisa alipoulizwa alisema pendekezo hilo ni zuri, linaangaliwa, na linahitaji idara kadhaa kukubaliana. Hakutoa tarehe.