Hundi Ikirudi, Fungua Akaunti Wapi?

Mfanyabiashara wa Voi akifungiwa akaunti kwa sababu ya hundi zilizorudi, ushauri anaopewa na wenzake ni uleule: achana na benki, pesa zako ziweke kwa simu. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini una gharama, na wengi huilipa kila wiki bila kuihesabu. Isitoshe, umejengwa juu ya dhana isiyo ya kweli. Sheria ya Kenya haimkatazi mtu aliyeandika hundi ikarudi kufungua akaunti nyingine. Benki ina hiari ya kumkataa, na ipo inayomkataa, lakini hiari ya benki moja si amri kwa benki zote.

Kwanza ujue benki inaona nini. Kenya ina ofisi tatu zilizopewa leseni ya kutunza taarifa za wakopaji: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Sisi sote tunaziita CRB, na wengi hudhani ni mambo ya mikopo pekee. Sivyo. Kanuni zake zinataja pia hundi zilizokataliwa kwa sababu zisizo za kiufundi, akaunti zilizofungwa na benki kwa lazima, na visa vya ughushi vilivyothibitishwa. Hundi iliyorudi kwa kasoro ya tarehe au kwa sahihi isiyolingana haimo katika kundi hilo. Kama yako ilirudi kwa kasoro ya namna hiyo na bado umeorodheshwa, una haki ya kupinga.

Taarifa mbaya hukaa kwenye kumbukumbu miaka 5 tangu deni lilipolipwa. Hapo ndipo watu wengi wanapojiumiza. Mwenye duka aliyeandika hundi mwaka 2019 na mpaka leo hajamlipa msambazaji wake wa Mombasa hajaanza hata kuihesabu hiyo miaka. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha bei za akaunti, mlipe aliyeshika hundi, hata kwa awamu. Akikamilishiwa, mwombe barua ya kukiri amelipwa. Karatasi hiyo moja itakusaidia mbele ya meneja wa tawi kuliko maelezo ya saa nzima.

Baada ya hapo chukua ripoti yako ya CRB. Kila mwaka una haki ya kupata nakala moja bure. Benki ikikukatalia kwa sababu ya taarifa za CRB, inapaswa kukujulisha hivyo, nawe unaweza kudai nakala ya bure ndani ya siku 30. Cheti cha CRB ni kitu kingine. Ndicho kinachodaiwa na waajiri wengi, hasa serikalini. Tangu kanuni za mwaka 2020, cheti cha kwanza hakilipiwi. Vinavyofuata vimezoeleka kuuzwa kwa kama shilingi 2,200. Usimpe hata ndururu mtu anayekuahidi "kufuta jina" kwa ada. Taarifa hurekebishwa kupitia taasisi iliyoipeleka, na anayekuomba pesa hana funguo za mlango huo.

Sasa tulinganishe. Kwa bei za M-Pesa zinazotumika ninapoandika, kutoa shilingi 5,000 kwa wakala kunakatwa 69. Mama anayeuza mboga za Wundanyi pale sokoni Voi, akitoa 5,000 kila siku kwa siku 6, anakatwa 414 kwa wiki. Akitoa 30,000 zote kwa mkupuo mmoja, anakatwa 197. Kwa wiki 4 tofauti ni shilingi 868, na hapo hajabadilisha lolote ila mazoea.

Je, benki ingemgharimu nini? Akaunti nyingi za kawaida za akiba siku hizi hazina ada ya mwezi. Unalipia unachotumia tu. Kutoa pesa kwenye mashine ya benki yako mwenyewe kwa kawaida ni kama shilingi 30 au 40, uwe unatoa 2,000 au 30,000. Kama wateja wako hulipa taslimu, jibu ni rahisi: weka kwa wakala wa benki, kama KCB Mtaani au Co-op Kwa Jirani, ambako kuweka hakulipiwi, kisha utoe kwenye mashine kwa shilingi 40 badala ya 197. Kama hulipa kwa simu, pengo linapungua, maana kuhamisha pesa kutoka M-Pesa kwenda benki nako kuna makato, ingawa hayazidi shilingi 108. Kwa kiasi kidogo cha 5,000 au chini yake, faida ya benki karibu inayeyuka. Anayetoa kidogo kidogo abaki na simu. Anayekusanya kwanza afungue akaunti.

Kuna hatari moja ambayo haimo katika orodha ya bei. Kama bado unadaiwa na benki iliyokufungia, usirudi huko kuweka akiba. Benki inaweza kulipa deni lako la zamani kutoka kwenye salio lako jipya, na karo ya mtoto uliyoiweka Ijumaa usiikute Jumatatu. Nenda benki nyingine, peleka kitambulisho, PIN ya KRA na picha, uombe akaunti ya akiba isiyo na kitabu cha hundi. Ukiulizwa, sema ukweli, kwa sababu ripoti wanaweza kuivuta wakiwa wamekuketisha papo hapo. Amana zako zinakingwa na KDIC, shirika la bima ya amana, hadi shilingi 500,000 benki ikianguka.

Wasiojua wanashangaa wakiambiwa kwamba M-Shwari, iliyoanza Novemba 2012, ni akaunti ya benki kamili, chini ya NCBA. Kuifungua hakuhitaji karatasi, na kuhamisha pesa kutoka M-Pesa kwenda humo ni bure. Kwa akiba ni pazuri pa kuanzia. Mkopo wake ni habari nyingine: ada ni asilimia 7.5 pamoja na ushuru, kwa siku 30, na usipolipa unarudishwa kulekule CRB unakojaribu kutoka.

Mimi ningemshauri mwenye biashara ndogo aangalie pia sacco. Qwetu, iliyoanza kama sacco ya walimu wa Taita Taveta, inasimamiwa na SASRA, mamlaka ya kusimamia sacco, na huna haja ya kupanda basi kwenda Mombasa kuitafuta. Sacco hukupima kwa akiba yako na kwa wadhamini watakaokubali kukusimamia, na mara nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba. Lakini hisa na akiba hiyo ya msingi huitoi siku unayotaka, kwa hiyo haifai kuwa pochi ya kila siku. Tena sacco nazo siku hizi zinapashana taarifa na CRB. Usiende ukidhani hawatajua.

Neno kuhusu sheria ya jinai, kwani hofu yake huwafanya watu wajifiche. Kifungu cha 316A cha Kanuni ya Adhabu kinamhusu anayeandika hundi akijua akaunti haina pesa za kutosha au imefungwa, au akiwa ameiagiza benki isilipe. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 50,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Hundi ya tarehe ya mbele haihesabiwi katika kosa la upungufu wa pesa, lakini deni linabaki kuwa deni, na CRB inabaki CRB.

Kitabu kipya cha hundi usikiharakishe. Tangu Oktoba 2009 hundi haiwezi kuzidi shilingi milioni 1, na PesaLink, iliyoanza mwaka 2017, huhamisha hadi 999,999 kutoka benki hadi benki kwa dakika chache, bila mtu kushika karatasi inayoweza kurudi. Kwa muuza vitunguu wa Taveta au mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mwatate, hiyo inatosha. Na kama chama chenu kinafungua akaunti, mwambie mwenyekiti mapema kuhusu jina lako, mtu mwingine awekwe kuwa mtia sahihi, ombi la kikundi kizima lisikwame kwa ajili yako.