Majina ya Usonji Yanapobadilika: Maana Yake kwa Mtoto na Familia

Utangulizi

Mzazi anapoambiwa na daktari jina la hali ya mtoto wake, hupokea mambo matatu kwa pamoja. Kwanza, hupewa maelezo ya yale aliyokuwa akiyaona nyumbani bila kuyaelewa. Pili, hufunguliwa mlango wa huduma: shule, matibabu, msaada wa serikali au wa bima. Tatu, hupata neno la kumtaja mtoto wake mbele ya jamaa na majirani. Kwa hiyo wataalamu wanapolibadilisha jina hilo, mambo yote matatu huguswa. Makala hii inakusudia kueleza jinsi majina ya usonji yalivyobadilika, hasa huko Marekani, kwa kuwa mwongozo wa madaktari wa nchi hiyo umefuatwa pia na wengi nje yake.

1. Majina ya kwanza na lawama zake

Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa akili wa watoto katika Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, aliandika habari za watoto 11 waliojitenga na watu na kutaka mambo yote yabaki vilevile. Mwaka uliofuata Hans Asperger wa Vienna aliwaeleza watoto waliojua kusema vizuri, lakini wakashindwa kupatana na wenzao. Maandishi yake, yaliyokuwa ya Kijerumani, yalijulikana na wachache mpaka Lorna Wing wa Uingereza alipoyatangaza mwaka 1981.

Katika mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani wa mwaka 1968, usonji haukuwa na nafasi yake wenyewe. Mtoto wa namna hii alihesabiwa chini ya skizofrenia ya utotoni. Wakati huohuo ilikuwa imeenea fikra kwamba chanzo ni mama asiye na upendo. Bruno Bettelheim aliitetea fikra hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1967, ijapokuwa Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, alikwisha kuipinga mwaka 1964, akionyesha kwamba chanzo kimo mwilini. Hivyo mtoto alipewa jina lisilo lake, na mama akatwikwa hatia isiyo yake. Mwongozo wa mwaka 1980 ndio uliotenganisha usonji na skizofrenia. Kisha mwaka 1990 sheria ya elimu ya Marekani ikautaja usonji kwa jina miongoni mwa hali zinazompa mtoto haki ya elimu maalumu.

2. Kugawanya na kuunganisha

Mwaka 1994 mwongozo uliongeza jina la Asperger. Kulikuwa pia na jina la tatu, refu na lisiloeleweka kwa wazazi, kwa watoto waliokuwa na baadhi ya dalili bila kutimiza masharti yote. Ugumu ulikuwa huu: mtoto yuleyule aliweza kuitwa jina moja katika kliniki hii na jina lingine katika kliniki ile.

Kwa sababu hiyo, mwezi Mei 2013 majina hayo yaliunganishwa kuwa moja, yaani usonji wenye upana wa namna nyingi, pamoja na ngazi tatu zinazoonyesha kiasi cha msaada ambao mtu anauhitaji. Shirika la Afya Duniani nalo lilifuata njia iliyo karibu na hiyo katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022.

3. Walionufaika na waliohofu

Kabla ya badiliko hilo wazazi wengi walishikwa na hofu. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba takriban watu 61 tu katika kila 100 wangebaki ndani ya masharti mapya. Mwingine wa mwaka huohuo ukasema ni 91. Tofauti hiyo si ya hesabu tupu. Mtoto anayeachwa nje aweza kupoteza mwalimu wa msaada au mafunzo ya kusema, ingawa mahitaji yake hayakupungua hata kidogo. Waandishi wa mwongozo walijibu hofu hiyo kwa kuagiza kwamba wenye utambuzi thabiti wa zamani wahesabiwe chini ya jina jipya. Hata hivyo, agizo hilo halikuwasaidia watoto waliokuja kupimwa baadaye.

Wengine walinufaika. Palikuwa na mahali ambapo msaada ulitolewa kwa mwenye usonji lakini si kwa mwenye jina la Asperger. Kwa familia hizo kuunganishwa kulifungua mlango.

Kundi la tatu lilikuwa la vijana na watu wazima waliokwisha kulipenda jina la Asperger, kwa sababu kwalo walijielewa na kupatana. Kwao badiliko lilikuwa kama kunyang'anywa jina la ukoo. Lakini mwaka 2018 mwanahistoria Herwig Czech alichapisha ushahidi kwamba Asperger alishirikiana na utawala wa Nazi, na kwamba alipeleka watoto Am Spiegelgrund, mahali walipouawa watoto wenye ulemavu. Baada ya hapo wengine waliliacha jina hilo kwa hiari yao.

Hitimisho

Katika Kiswahili neno usonji limebeba namna zote hizi, na hilo lina faida na hatari. Faida ni kwamba mzazi hahitaji kujifunza jina jipya kila mwongozo unapobadilika. Hatari ni kwamba msikilizaji hudhani watoto wote wenye usonji wanafanana, hali mmoja hasemi kabisa na mwingine anasoma vitabu vya wakubwa wake.

Kwa hiyo sisi tunaozitembelea familia hizi, tukiwa walimu, wauguzi au wachungaji, hatuna budi kuuliza zaidi ya jina lililoandikwa kwenye cheti. Tuulize mtoto anaweza nini, anasumbuliwa na nini, na anahitaji msaada gani mwaka huu. Mzazi naye ahifadhi cheti cha zamani pamoja na kipya, na jina likibadilika amwombe daktari aandike wazi mahitaji ambayo bado yapo. Kwa njia hiyo badiliko la maneno halitamwondolea mtoto msaada anaoutegemea.