Taa 'alimchoma' baba: Nilivyokosoa sentensi iliyokuwa sahihi

Nilipokuwa mwalimu mchanga, mwanafunzi wa darasa la sita aliandika katika insha yake: "Taa alimchoma baba mguuni." Nikachukua kalamu nyekundu, nikakata 'alimchoma', nikaandika 'ilimchoma'. Pembeni nikaongeza onyo kwamba taa isiwekwe sakafuni. Alama nayo nikaitoa.

Mtoto akanijia mezani. "Mwalimu, si taa ya kuwasha. Ni taa wa baharini." Baba yake mvuvi alikuwa wiki ya pili nyumbani, hawezi kukanyaga.

Mimi ni mzaliwa wa Ganda. Malindi mjini si mbali, lakini sisi ni watu wa mahindi, mikorosho na miembe. Samaki tulimjua akiwa sufuriani. Kwangu mimi 'taa' ilikuwa na maana moja tu.

Wanaisimu huyaita maneno kama haya homonimu: umbo moja, maana zisizohusiana. Taa ya kuangazia iko katika ngeli ya I-ZI, samaki yumo katika A-WA: taa yule, taa wale. Hata kitenzi 'choma' hakikunisaidia, kwa sababu moto huchoma na mwiba huchoma. Maana yote ya sentensi ile ilishikiliwa na kiambishi 'a-', nacho ndicho nilichokikata.

Jumamosi iliyofuata nikashuka hadi ufuo wa Mayungu. Mzee mmoja aliponiona nikiingia majini alicheka. "Mwalimu, mbona waruka kama kuku? Buruta miguu! Taa yuwalala mtangani." Mtanga, kwa msomaji wa bara, ni mchanga.

Mzee alikuwa akifundisha biolojia. Taa ni jamaa ya papa. Mifupa yake ni gegedu, mwili umetandazwa kama chapati. Wengi wao hujifukia mchangani wakabakisha macho. Kwa kuwa mdomo uko chini ya tumbo, taa akilala hupitishia maji katika tundu lililo nyuma ya kila jicho, kisha yakatokea kwenye mashavu yaliyo upande wa chini. Chakula chake, kaa, kamba na minyoo, hakioni kwa macho. Hunusa, tena ana vitundu usoni vinavyohisi umeme mdogo wa viumbe waliojificha.

Anayeonekana sana kwenye matumbawe yetu ni mdogo mwenye madoa ya buluu, ambaye wataalamu humwita Taeniura lymma, jina alilopewa katika maandishi ya Forsskål ya mwaka 1775. Upana wake ni kama sentimita 35. Yeye hapendi sana kujifukia: maji yakijaa huja kwenye mchanga wa kina kifupi kula, yakitoka hurudi kujificha mapangoni. Hatagi mayai, huzaa watoto hai, wasiozidi saba kwa mara moja. Ukimvua ovyo, basi, si rahisi kumrudisha.

Mwiba uko mkiani, una meno kama msumeno, na una sumu. Taa hamfuati mtu, huchoma akikanyagwa. Ndiyo maana ya kuburuta miguu: mchanga ukitikisika, huenda zake. Aliyechomwa huloweshwa mguu katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia, kama nyuzi 45, kwa sababu joto huidhoofisha sumu hiyo, kisha apelekwe hospitali, maana vipande vya mwiba huweza kubaki ndani.

Wapo pia wanaosema 'nyenga'. Na yupo 'pungu', taa mwenye mabawa marefu, anayeruka juu ya maji. Jina hilo ni pia la ndege mkubwa jamii ya tai, na hapa sarufi haikuokoi: wote wawili ni A-WA. "Pungu aliruka." Nani huyo? Itabidi umuulize aliyesema kama alikuwa akitazama juu au baharini.

Jumatatu nilimrudishia mtoto alama yake. Nikamuuliza hali ya baba. "Ameanza kuvaa kiatu," akasema.